Maji ya Mvua ya Kwanza

Jumamosi iliyopita tulimzika Papa Chola, na kabla ya kumzika walitaka kumfanya mdogo. Tulikuwa uani kwake, kule Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, chini ya turubai la kukodi, viti vya plastiki vikizama taratibu katika udongo mwekundu. Wanawake walikuwa wamekaa chini karibu na mjane, Mama Chola, na wanaume upande wa pili wakizungumza mpira kwa sauti ya chini. Kijana aliyetumwa na kitivo chetu alisimama, suti nyeusi, viatu vinang'aa, akasoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi moja. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akapata watoto saba. Kisha akasoma: "Alitumika katika maabara yetu kama laveur, muosha chupa, kwa uaminifu mkubwa." Akaigeuza karatasi kutafuta mengine, na upande wa pili ulikuwa mtupu. Akakaa. Watu wakapiga makofi machache ya adabu. Mimi damu ilinichemka. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na bahasha aliyonipa Papa Chola nilipokuwa msichana wa mwaka wa mwisho, na nilikuwa sijaifungua mpaka siku hiyo.

Niseme mimi ni nani, maana wengi hunifahamu kwa ukali tu. Ni profesa wa uhandisi wa kemia. Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya chembe ndogo sana, nano kama tunavyoziita, ndogo hivi kwamba ukizipanga maelfu kwenye mstari hazifiki unene wa unywele. Chembe zangu hunasa metali ndani ya maji, hasa kobalti, ambayo mji huu unaijua kuliko unavyopenda. Nimealikwa nchi nyingi kueleza kazi hiyo, na kila ninapokwenda hakosekani mtu wa kuniuliza, kwa tabasamu la huruma, kwa nini nisiifanye mahali penye vifaa. Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi nawajibu kwamba malori ya madini yanapanga foleni mpakani Kasumbalesa usiku na mchana kwenda kwenu, basi angalau akili ibaki huku. Wengine hucheka, wengine hununa. Sijali. Lakini jibu la kweli ni refu kuliko hilo, na linaanzia mwaka nilioosha unga mweusi kwa maji machafu.

Maabara yetu mwaka ule ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya kwanza, madirisha sita, vioo vitatu, na palipokosekana kioo pamepigiliwa mbao nyembamba. Meza zilikuwa na mabaka ya asidi ya wanafunzi waliokwisha kuwa mababu. Kona moja palisimama mashine ya kuchujia maji kwa mvuke, ya kioo, nzuri kwa kuitazama, iliyokufa kabla sijafika. Bila mashine ile hatukuwa na maji safi, na maji ya bomba ya mji huu, mama yeyote atakwambia, huacha gamba jeupe ndani ya birika. Papa Chola ndiye aliyekuwa mlinzi wa chumba hicho. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuosha chupa. Kazi yake ya kweli ilikuwa kujua kila kitu: chupa ipi ina ufa usioonekana, dawa ipi imezeeka, mizani ipi inadanganya ikipata jua. Saa sita mchana alikuwa akinawa mikono mpaka kwenye kiwiko, mara tatu, kisha anafungua kitambaa chenye bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, alivyofungiwa na mkewe, mbali na meza za dawa, karibu na dirisha lenye kioo. Aliniita siku ya kwanza tu aliponiona nameza mate. "Mademoiselle, kuya tukule. Bukari haingojaka muntu." Tangu hapo Mama Chola akawa anafunga bukari ya watu wawili, bila hata kuniona sura.

Msimamizi wangu tulimpa jina la Monsieur Précis, kwa sababu hakuna alichopenda kama neno hilo, yaani sahihi bila kasoro, na hakuna alichochelewa kama mihadhara yake. Ofisi yake ilitenganishwa na maabara kwa ukuta wa mbao, na ukuta wa mbao hauna siri. Wiki ile nilipompelekea pendekezo langu, kutengeneza chembe za nano za oksidi ya chuma, nilimsikia akimsimulia mwenzake. "Nano! Ku Lubumbashi! Shiye hatuna ata ampoule mu couloir, ye anataka nano." Kweli korido yetu haikuwa na balbu. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nilikuwa nimeshika gudulia la kioo, nikalibana kwa nguvu. Papa Chola alikuwa kando yangu, naye alisikia. Alinipokonya lile gudulia pole pole, akaliweka chini, akasema, "Bacheke. Meno ni yabo." Halafu akarudi kwenye chupa zake. Ningekuwa mtu mpole ningebadilisha mada. Mimi niliapa pale pale, mbele ya sinki, kwamba nano nitaifanya, tena kwa misumari.

Na kwa misumari niliifanya. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kamalondo, uani kwa familia moja, ukuta mmoja na fundi cherehani na mwingine na baa. Misumari yenye kutu niliiokota kwa seremala, nikaiyeyusha kwa asidi ya maabara. Soda kali nilinunua kwa akina mama wanaopika sabuni. Sumaku niliipata kwa mwenye baa, kutoka kwenye spika yake iliyopasuka. Alinipa kwa sharti kwamba nikivumbua dawa ya utajiri nimkumbuke. Ukichanganya maji ya misumari na soda kwa vipimo na kwa utulivu, maji ya rangi ya chai yanageuka meusi mara moja kama wino, na kwenye ule weusi ndimo zilimo chembe. Kinachobaki ni kuuosha. Unaosha, unasubiri utulie, unamwaga, unaosha tena, mara ishirini, mara thelathini. Hapo ndipo unapohitaji maji safi, mengi, na sisi hatukuwa nayo.

Papa Chola alikuwa na dawa yake ya jambo hilo. Yeye alitumia maji ya mvua. Lakini alikuwa na sheria, na sheria hiyo alinitajia mwezi wa kiangazi, mbingu bado nyeupe kwa vumbi. "Ile mvula ya kwanza hatuikamataka, Mademoiselle. Ile iko naosha manjanja. Leka mvula tatu ipite. Ya ine njo ya labo." Manjanja kwetu ni mabati, na labo ni maabara. Nilimjibu ndiyo Papa. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio, siyo kwa kichwa. Nilikuwa na tarehe ya kupeleka kazi, nilikuwa na kicheko kile cha ukutani, na mvua ya kwanza ilipoanguka Kamalondo, kubwa, yenye kelele kwenye mabati, watoto wakitoka uchi kuoga na mama mwenye nyumba akipiga vigelegele, mimi nilikimbia na bidon zangu, madumu ya plastiki. Nilijaza tano. Maji yalikuwa na rangi kidogo. Nikayachuja kwa kitambaa mara mbili mpaka yakawa maangavu kabisa. Nilipoyafikisha maabara Papa Chola aliniuliza, "Iko ya ngapi?" Nikamwambia mvua kwetu ilianza mapema, hii ni ya nne. Alinitazama kidogo. Mji ni mkubwa, mvua haianguki sawasawa, na yeye hakuwa mtu wa kumwita binti wa watu mwongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilivunjika polepole, kwa miezi mitatu.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Unga wangu ulikauka mweusi, laini kuliko unga wa mahindi, na nilipouweka kwenye maji na kuisogeza sumaku ya baa upande wa nje wa chupa, wote ulikimbilia pale kwa pamoja. Papa Chola aliushangilia kama goli. "Angaliya! Iko nakimbia yenyewe!" Padri mmoja wa parokia yetu alikuwa anasafiri kwenda masomoni Ulaya, akakubali kubeba kichupa changu ndani ya mfuko wake wa vifaa vya kunyolea, akakifikisha kwa mtaalamu mwenye darubini kubwa ya elektroni. Majibu yalirudi baada ya majuma mengi. Picha zilikuwa nzuri: chembe za duara, ndogo, zilizolingana, nano kamili. Lakini chini ya picha paliandikwa kwamba sampuli imejaa kobalti, pamoja na shaba kidogo, na kwamba labda mwanafunzi afundishwe kwanza usafi wa maabara. Monsieur Précis alinisomea sentensi hiyo mara mbili, taratibu, na mara ya pili alikuwa anatabasamu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Chola nikamwambia ukweli: ilikuwa mvua ya kwanza. Nilitegemea anikemee. Nilitaka anikemee, ningepata nafuu. Yeye alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akauliza kama maji yale yamebaki. Bidon mbili zilikuwa bado chini ya meza. "Basi, tupime," akasema. Jumapili baada ya misa nilifika kwake Annexe kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipomwona Mama Chola, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, akiwa ameshawasha mbabula mbili, majiko ya makaa, uani. Bidon moja tuliichemsha jinsi ilivyo, siku nzima, mpaka maji yote yakabaki kikombe kimoja cha chai. Ya pili tuliitikisa kwanza na unga wangu, tukauvuta unga kwa sumaku, tukachemsha maji yaliyobaki vilevile. Kati ya sufuria na sufuria tulikula bukari na thomson, wale samaki wa barafu, na Mama Chola akanisimulia jinsi mumewe anavyoosha vyombo vya nyumbani mara tatu na kumchelewesha kila siku. Jua likiwa linateremka, Papa Chola alitoa kichupa kidogo cha dawa alichokitunza miaka, dawa ambayo ikikuta kobalti hugeuka buluu. Tone kwenye kijiko cha maji ya kikombe cha kwanza: buluu. Tone kwenye kijiko cha kikombe cha pili: hakuna kitu.

Vumbi la miezi yote ya kiangazi lilikuwa limelala juu ya mabati ya mji, vumbi la barabara na la marundo ya taka za madini na la malori, na mvua ya kwanza ilikuwa imelishusha lote kwenye bidon zangu. Na kila nilipouosha unga wangu ili uwe safi, unga ulikuwa unayala yale machafu na kuyaacha maji yakiwa safi. Nilidhani naosha unga. Unga ndio uliokuwa unaosha maji. Nilianza kulia, sijui kwa aibu au kwa furaha, na Mama Chola akamuuliza mumewe kwa ukali amenifanya nini. "Miye? Hapana!" alisema Papa Chola, macho yake hayaondoki kwenye vikombe. "Uyu mutoto alipata kintu."

Monsieur Précis hakutaka kuviona vikombe. Nilipomweleza, alifunga mlango wa ofisi yake, akanipa ushauri ambao mpaka leo naukumbuka neno kwa neno. "Écoute, Ngoie. Jury itauliza: cobalt inatoka wapi? Weye utajibu paka moja: laveur alinipatia mayi ya mubaya. Bon. Tunaandika rapport, beye banamutosha ku kazi, weye unapita. Na mu mwaka inakuya, iko place ya assistant." Yaani nijibu tu kwamba muosha chupa alinipa maji mabaya, yeye afukuzwe, mimi nipite na mwakani niwe msaidizi. Nilimwambia kwamba Papa Chola ana watoto saba. Akajibu kwamba ndiyo maana alipaswa kuwa mwangalifu. Nilitoka nikakuta Papa Chola anapanga chupa nyuma ya ule ukuta wa mbao, ukuta usio na siri. Kesho yake, saa ya bukari, alinisukumia bahasha mezani. Alikuwa amewaandikia jury, jopo la watahini wangu, akasema, nami niwape tu. "Miye nilishaishi, Mademoiselle. Watoto bakubwa banatumika. Weye uko mutoto, unaanza. Ntasema ni miye, njo mwisho." Nilikataa. Akaiacha pale, akaendelea kula. Niliichukua kwa sababu niliogopa ataipeleka mwenyewe. Sikuifungua. Nilijijua: ningeisoma mara moja, ningeanza kutafuta sababu za kuitumia.

Siku ya kutetea kazi yangu chumba kilijaa, maana habari ya unga mchafu ilikuwa imetembea. Nilivaa kitenge alichonishonea jirani yangu fundi, na mezani, badala ya michoro, niliweka vikombe viwili vya chai vya Mama Chola, vyenye maji tuliyoyatunza tangu Jumapili ile. Mjumbe mmoja aliuliza kama tumekuja kunywa. Nikamwambia asiguse. Nilieleza misumari, nikaeleza soda, nikaonyesha picha za darubini, kisha nikasoma ile sentensi ya usafi mwenyewe, kwa sauti, kabla hawajanisomea. Nikadondosha dawa. Kikombe kimoja kikawa buluu mbele ya macho yao. Monsieur Précis aliuliza swali lake, sauti tamu kama ya mtu anayekufungulia mlango: "Mademoiselle, ile mayi, ni nani alikupatia?" Nyuma kabisa ya chumba, karibu na mlango, nilimwona Papa Chola akisimama, kofia mkononi, tayari kusema. Nikamwahi. "Nilijipatia mwenyewe," nilisema. "Mvua ya kwanza, bati la nyumba yangu. Nilionywa, sikusikia, na nilimdanganya aliyenionya. Kama kuna mchafu wa kuadhibiwa ni mimi. Lakini uchafu huu sikuuleta kutoka mbinguni, waheshimiwa. Ndio tunaoogea. Na unga wa misumari unautoa. Mkitaka kuucheka, chekeni sasa, mimi nipo." Hakuna aliyecheka. Papa Chola alikaa chini.

Nisidanganye kwamba nilibebwa mabegani. Walinipa alama za chini kabisa za kupita, na nafasi ya msaidizi akapewa mwingine. Monsieur Précis aliniambia sitaandika makala hata moja kwa unga ule. Basi mwaka uliofuata nilirudi maabara bila cheo na bila mshahara, nikasimama kwenye sinki kando ya Papa Chola, nikaosha chupa. Ndiyo, mimi, profesa mnayemwandikia barua zenye mihuri, nimekuwa laveur. Yeye alinifundisha kuosha kama mtu anayefundisha kusoma: maji yakitoka kwenye kioo kwa utando mmoja, ni safi, yakivunjika matone, rudia. Makala ya kwanza ilizaliwa kwenye sinki lile, na zote zilizofuata ni watoto wake. Mpaka leo katika maabara yangu yenye mashine tatu za kuchujia maji, mwanafunzi mpya nampa kazi moja ya kwanza: akakinge mvua ya kwanza. Wanadhani ni ushirikina wa mama mzee. Nawaacha wadhani hivyo hadi watakapoona buluu.

Hayo yote niliyasema Jumamosi chini ya turubai, nimesimama bila kualikwa, na kijana wa kitivo akiinama zaidi na zaidi juu ya viatu vyake. Nilimwomba Mama Chola ruhusa, nikatoa bahasha. Nikawaambia waombolezaji kwamba Papa Chola aliwahi kuandika uongo mmoja tu maishani mwake, ili kuniokoa, na kwamba uongo huo ni huu. Nitausoma, kisha tutamzika nao. Gundi ilikuwa imekauka, bahasha ikafunguka yenyewe. Mwandiko ulikuwa ule ule wa lebo za chupa, wima, bila haraka. Nikasoma.

"Ba Professeurs ba jury. Miye Chola, wa labo, nakubali kama ile mayi ya buchafu ni makosa yangu. Ilikuwa mayi ya mvula ya kwanza, bidon tano. Mademoiselle Ngoie njo aliikamata ku kwake. Nilimuambia aache mvula tatu ipite. Alikuwa na haraka. Lakini makosa ni yangu, juu sikumuambia kwa nguvu."

Niliishusha karatasi hapo. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mkononi, kama siri kubwa, karatasi ambayo isingemwondolea mtu hatia yoyote, maana mwandishi wake alishindwa kuupotosha mstari hata mmoja. Kisha kutoka chini, katikati ya wanawake, nilisikia kicheko kile kikubwa cha Mama Chola, kimelowa machozi. "Uyu muntu!" alisema, akijipiga paja. "Uyu muntu hakujuaka kudanganya! Ata pa karatasi!" Ua wote ukacheka na kulia pamoja naye.

Tulipokuwa tunajipanga kwenda makaburini, kijana wa kitivo alinifuata. Alikuwa ameshika karatasi yake na kalamu, upande ule mtupu ukiwa juu. Aliniuliza, kwa heshima safari hii, aandike nini.

"Andika vile ulivyosikia," nilimwambia. "Na usipunguze hata bidon moja."